Nilikuwa Napima Stedi

Nahodha aliileta shafti ya propela ya boti yake juu ya guta, imefungwa kwa kamba ya manila, na tepa yake, ncha iliyochongoka inayovaa propela, imeviringishiwa gunia kama kidonda. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Karakana yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ndiyo kwanza inafunguliwa, na mimi nilikuwa nanoa kisu. Hakupandisha sauti. Alinijulia hali, akauliza watoto, akaomba maji ya kunywa, ndipo akasema:

"Fundi, chombo kinatetema."

Shafti hiyo nilimkerezea mimi wiki tano nyuma kwenye leithi, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Stenlesi, kipenyo milimita 45, urefu mita moja na nusu, upande mmoja tepa ya propela na upande wa pili kaplingi ya kuungia injini. Akanieleza kwamba injini ikifika mwendo wa kati, birika la chai linatembea lenyewe juu ya ubao. Propela ameshaiangalia. Boliti za injini ameshazikaza. Amengoja bamvua mara mbili akaegesha chombo mchangani, akavuta shafti, akarudisha, na bado.

Niliifunga shafti kwenye mashine palepale, mbele yake. Upande mmoja chaku inayoibana na kuizungusha, upande wa tepa stedi, pete ya kuishikilia isinese. Nikaweka geji ya saa, kipimo chenye sindano kinachoonyesha chuma kinavyoruka, nikazungusha kwa mkono. Sindano haikutikisika.

"Nahodha," nikamwambia, "shafti iko sawa."

Aliitazama sindano kwa muda. Halafu akanitazama mimi.

"Haya, mwanangu," akasema, akaanza kufunga kamba upya.

## Wiki zilizofuata

Sikuweza kuisahau ile "haya". Mtu mzima amekuja na shida, nimemwonyesha chombo cha kupimia ambacho hajui kukisoma, naye ameamini kwa sababu mimi ndiye fundi. Ningekuwa na uhakika ningelala. Lakini kulikuwa na jambo alilolitaja wakati tunapakia, ambalo nililiacha lipite: bushi inayoibeba shafti ndani ya bomba lake ilikuwa imelika pande zote, mdomo umepanuka kama kengele.

Pande zote.

Injini ikikaa kombo, bushi hulika upande mmoja, kwa sababu shafti inaegemea mahali pale pale muda wote. Bushi ikilika duara zima, maana yake shafti yenyewe inazunguka huku inachora duara. Hilo nalijua. Nililijua hata asubuhi ile. Nilisikia maneno yake, nikaamua kuiamini sindano.

## Kisu kilichosingiziwa

Nirudi siku niliyoikereza, kwa sababu dalili zilikuwepo tangu mwanzo.

Nilipokuwa nakata tepa, mashine ilianza kulia. Wakerezaji mnaijua sauti ile: si mngurumo, ni mlio mwembamba wenye mikunjo, na ukisimamisha mashine unakuta uso wa chuma una mawimbi madogo kama mchanga wa ufukweni maji yakipwa. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kisu. Ndivyo tulivyo. Kazi ikiharibika, wa kwanza kukamatwa ni kisu, kwa kuwa ndicho kinachogusa na ndicho tunachoweza kukinoa.

Nikakishusha, nikakinoa upya, nikalainisha ncha kwa jiwe dogo la mafuta. Nikakirudisha na kupima kimo chake kwa rula nyembamba ya chuma: unaibana taratibu kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo, na jinsi inavyosimama ndivyo kisu kilivyo. Ikisimama wima, ncha iko sawa na senta, yaani katikati ya chuma kinachozunguka. Ikilalia upande wako au upande wa mashine, kisu kiko juu au chini. Yangu ililala kidogo. Nikaongeza kipande cha bleidi ya msumeno chini ya kisu, ikasimama.

Nikapunguza na urefu wa kisu kilichotokeza nje. Hapa sina mzaha na vijana wanaojifunza kwangu: kisu kisitokeze zaidi ya mara moja na nusu ya unene wake. Ukikitokeza mara mbili ya pale kilipokuwa, kinanesa mara nane zaidi kwa nguvu ileile. Hesabu hiyo haina huruma, na ndiyo inayotawala kila kitu kilichoshikwa upande mmoja, kiwe kisu, tawi la mwembe au ubao wa kurukia majini.

Mlio ukapungua. Nikashusha mwendo hadi mizunguko 125 kwa dakika, ambao kwa kipenyo cha 45 ni mita 18 hivi za chuma zinazopita mbele ya kisu kila dakika, mwendo wa kutosha kwa stenlesi na kisu cha haispidi. Nikaongeza ulishaji, yaani kasi ya kisu kusonga mbele, kwa sababu stenlesi ukiipapasa inakuwa ngumu juu: kisu kinachosugua bila kukata kinaitengenezea ngozi itakayokivunja kisu ncha kwenye mkato unaofuata. Nikamwaga maji ya kupozea, yale meupe kama maziwa. Uso ukatoka mzuri. Nikafurahi, nikadhani nimetibu ugonjwa.

Nilikuwa nimenyamazisha mgonjwa.

Mlio ule haukutoka kwenye kisu. Ulitoka kwenye chuma kilicholazimishwa kukaa mahali kisipotaka, kikawa kinazisukuma taya za stedi kila mzunguko. Kisu kizuri zaidi kilikata chuma hicho hicho kilicholazimishwa, kwa usafi zaidi.

## Swali la mzee

Mtu aliyenifundisha kukereza alistaafu karakana ya reli. Sasa macho yake hayasomi kipimo cha venia, lakini ukimweleza kazi anaiona. Nilikwenda kumsalimia siku ya Ijumaa baada ya sala, na baada ya shikamoo na habari za miguu yake nikamsimulia yote. Hakuniuliza kisu. Hakuniuliza mwendo. Aliuliza:

"Geji uliiweka wapi?"

Nikamwambia: karibu na stedi, sentimita tatu hivi, upande wa tepa.

Akanyamaza. Halafu akauliza la pili.

"Na ulipofungua stedi, sindano ilifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Geji huwa naiondoa kwanza, ndipo nafungua stedi. Nimefanya hivyo miaka kumi na tatu. Naweka geji wakati wa kufunga, nahangaika nayo mpaka itulie, halafu nikimaliza kukata naitoa ili isigongwe, nafungua, nashusha kazi, nalipwa. Sijawahi hata mara moja kusimama nikaangalia chuma kinafanya nini kinapoachiwa.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Sentimita tatu kutoka stedi, hata upinde wa kuwindia utazunguka bila kuruka."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani.

Stedi, kwa asiyeijua, ni pete nzito ya chuma cha kalibu inayofungwa juu ya kitanda cha mashine. Ina taya tatu zenye ncha za shaba zinazoizunguka kazi na kuishika isinese. Kazi yake ni hiyo hasa: pale ilipo, chuma kisiruke. Kwa hiyo ukiweka geji ubavuni mwake, umeuliza stedi kama imeshika, nayo imekujibu kwamba imeshika. Kuhusu shafti hujauliza chochote.

Nilikuwa napima stedi.

## Kilichotokea ndani ya zile taya

Chuma cha dukani hakiji kimenyooka kama uzi. Urefu wa mita moja na nusu kupinda robo ya milimita si ajabu, na jicho haliwezi kuona. Tundu la spindo, mhimili unaoizungusha chaku ya mashine yangu, ni milimita 40, kwa hiyo shafti ya 45 haipiti ndani ya kichwa. Lazima urefu wote ukae nje, na lazima mtu aushike mbali. Ukikilaza chuma kile kati ya senta mbili, zile ncha za kukishikia mwisho na mwisho, kwa uzito wake tu wa kilo 19 kinaninginia katikati karibu milimita 0.2. Ukikisukuma pale katikati kwa nguvu ya kilo 20, ambayo kisu kinaitoa bila jasho, kinakimbia zaidi ya theluthi moja ya milimita. Kinene hivyo, kizito hivyo, na bado kinanesa kama fito.

Mimi nilikibana upande mmoja kwenye chaku ya taya tatu, nikakaza. Upande wa pili nikaleta taya za stedi, moja moja, mpaka zikaigusa shafti na kuituliza. Neno la kuangalia hapo ni "kuituliza". Ilikuwa inaruka kidogo kwa sababu imepinda. Kuruka kule ndiko kulikokuwa ukweli wake, na mimi nikakuona kama kasoro ya ufungaji. Nikakaza taya mpaka kukaisha. Kuanzia hapo kila mzunguko chuma kilikunjwa kipite katikati ya stedi, nami nikachonga tepa nzuri juu ya chuma kilichokunjwa. Nilipofungua, kikarudi katika umbo lake, na tepa ikaenda nacho.

Na nilipoifunga tena mbele ya nahodha, nikaikunja tena vilevile, nikampa jibu lile lile.

## Mkono na keezo

Neno kukereza ni la zamani kuliko mashine za chuma. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda na nguzo za mbao kwenye keezo, mti ukizungushwa kwa kamba na upinde, na patasi mkononi. Huwa nawafikiria sana siku hizi. Mtu aliyeshika patasi kwa mkono, mti ukiruka anajua kabla hajaona, kwa sababu unampiga kwenye kiganja.

Mwishoni mwa miaka ya 1790, kule London, Henry Maudslay alijenga leithi ya kukatia skrubu ambayo kisu kinashikwa na chuma na kutembezwa na chuma. Hakuwa wa kwanza kufikiria hivyo, lakini leithi yake ilionyesha kazi inavyoweza kuwa sahihi, na mashine niliyonayo mimi ni mjukuu wa ile. Tumepata usahihi ambao kiganja hakiwezi kuufikia. Lakini kiganja kimetolewa kazini. Kisu changu kinaweza kupigwa na chuma kinachoruka siku nzima nami nikiwa nimesimama hatua mbili pembeni, nimekunja mikono.

Maudslay huyo huyo alikuwa na kipimo cha skrubu cha mezani ambacho karakana yake ilikiita "Lord Chancellor", jina la jaji mkuu wao wa enzi hizo, kwa kuwa kikisema kimemaliza. Nilipolisoma jambo hili zamani niliona ni utani wa mafundi. Sasa naona kitu kingine: jaji alikaa mezani. Kazi ilitolewa kwenye mashine, ikafunguliwa taya zote, ikapelekwa mbele yake ikiwa huru.

## Kuilaza mezani

Nilimpigia nahodha simu Jumamosi asubuhi. Nikamwambia nimekosea, ailete, gharama ni yangu. Hakuuliza zaidi. Jumatatu nikaenda mwenyewe Deep Sea, kwenye mwalo wa wavuvi, kuichukua, kwa sababu sikutaka alipe guta mara ya tatu.

Safari hii sikuifunga popote. Nikailaza juu ya vitalu viwili vyenye mfereji wa V kwenye meza ya chuma, kimoja pale panapokaa bushi na kingine karibu na kaplingi, jinsi inavyokaa ndani ya boti. Geji nikaielekeza kwenye tepa, kwenye ncha, mbali kabisa na kila kinachoishika. Nikaizungusha kwa vidole viwili.

Sindano iliondoka sifuri, ikapita 10, ikapita 20, ikafika 34, ikageuka, ikarudi.

Mistari 34. Milimita 0.34.

Nilizungusha tena na tena. Kijana wangu mmoja akaja kusimama nyuma yangu, akaona, akaondoka kimya. Kila mzunguko ulikuwa birika linalotembea juu ya ubao.

## Pete ya skrubu

Kazi ya kuirekebisha ilinichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo kisu hakikugusa kitu.

Kwanza nikaipeleka kwenye presi ya jeki ya maji. Unaweka mgongo wa pindo juu, unaegemeza pande mbili, unabonyeza kupita kiasi kidogo, kwa kuwa chuma kinarudi, unapima, unabonyeza tena. Kazi ya subira. Mchana wote, mpaka nikafika mistari minne urefu mzima.

Halafu nikatengeneza kile ambacho mzee alinifundisha nikiwa mwanafunzi, nami nikakiacha kwa uvivu: pete ya chuma yenye skrubu nane, nne kila upande. Shafti ya boti huwezi kuichonga mahali pa kukaa stedi, utaharibu kipenyo chake. Kwa hiyo unaivisha pete. Nje ya pete pamekerezwa duara safi, na ncha za stedi zinashika hapo. Ndani, skrubu zinaibeba shafti, nawe unaweza kuisogeza kwa unywele, huku unywele kule, mpaka mhimili wake ukae kwenye mhimili wa mashine bila kukunjwa.

Upande wa pili nikaondoa chaku ya taya tatu, nikaweka ya taya nne, kila taya na skrubu yake. Ya taya tatu ni ya haraka. Inajiamulia yenyewe katikati ni wapi, na yangu taya zimechoka.

Geji nikaisogeza mahali patatu: jirani na chaku, katikati ya urefu, na pale panapokaa bushi. Palipotulia pamoja na pengine pakiruka, nilijua naikunja, nikalegeza na kuanza upya. Ilifika magharibi nikiwa bado nazungusha kwa mkono, robo skrubu huku, robo skrubu kule. Kijana akaniuliza kama awashe taa. Nikamwambia awashe.

Kulipokucha nikasahihisha tundu la senta kwa kisu kidogo, maana la kwanza nililitoboa siku ile ya makosa, nikaleta senta inayozunguka. Nikaigusisha tu. Shafti ndefu ya stenlesi ikipata joto la nyuzi 10 tu zaidi inarefuka karibu robo ya milimita, na ikikuta senta imekazwa haina pa kwenda isipokuwa kupinda. Kila baada ya mkato nililegeza senta na kuigusisha upya.

Tepa ilikuwa imebaki nje kwa mistari 20. Ni tepa ya moja kwa kumi, kwa hiyo kila milimita unayorudi nyuma inakupa mistari 10 ya kipenyo. Kuisafisha kunataka milimita mbili, nikachukua tatu. Topslaidi, kiti kinachobeba kisu, nikaigeuza nyuzi 2 na dakika 52. Nikaongeza thredi ya nati kwa kiasi hicho hicho. Propela itakaa milimita 3 mbele zaidi ya mwanzo, na nilishapima kule botini kwamba nafasi ipo.

Kisu kilikuwa kile kile, kilichonolewa kwa pembe ile ile. Safari hii hakikulia.

Nilipomaliza sikuiondoa geji. Niliiacha imegusa tepa, nikarudisha senta nyuma, nikaanza kufungua taya za stedi. Ya juu kwanza. Sindano ikakaa. Ya upande wa mbele. Ikasogea nusu mstari. Ya mwisho niliifungua huku nimeibeba shafti kwa kitambaa kiganjani, na nilipoiachia taratibu ilishuka kwa uzito wake, kama inavyopaswa, na hapo nikaipeleka mezani.

Nahodha alikuwa ameshafika. Nilimwomba azungushe mwenyewe juu ya vile vitalu vya V. Akajifuta mikono kwenye kikoi, akaweka vidole viwili juu ya chuma, akazungusha pole pole, akiinamia geji kama anayesoma dira. Sindano ilicheza mistari mitatu. Akazungusha upande wa pili. Mitatu.

"Na ile mara ya kwanza," akauliza bila kuinua macho, "hukuipima hivi?"

"Hapana, nahodha. Ile mara ya kwanza sikuipima."

Akaendelea kuizungusha.